Deni la Mtu Halilipwi Madhabahuni

Mjini Kolwezi riziki hupita kwenye mizani. Mchimbaji akishapanda kutoka shimoni, huyapeleka magunia yake depo, iwe Musompo au kando ya barabara, na huko hukutana na mambo mawili asiyoweza kuyabishia: mizani ya mnunuzi na kile kimashine cha mkononi ambacho watu wa hapa hukiita metorex. Mizani husema kilo. Metorex husema asilimia ya kobalti au ya shaba iliyomo ndani ya mawe. Bei hutoka hapo. Mchimbaji hana mashine ya kwake ya kuhakikishia, kwa hiyo hulazimika kuitegemea dhamiri ya yule anayeishika. Dhamiri hiyo ikilala, aliyekesha chini ya ardhi hurudi nyumbani na nusu ya jasho lake.

Jumapili ikifika, aliyepunja na aliyepunjwa huweza kuketi benchi moja na kutia sadaka kikapu kimoja. Mji huu haukosi nyumba za ibada. Wakatoliki wana jimbo lao tangu 1971. Wako Wamethodisti, Wagarenganze, Wapentekoste, Wakimbangu na makanisa ya uamsho yasiyohesabika. Waislamu nao wapo. Mahubiri ya dhambi na msamaha husikika kila juma. Hata hivyo wapo watu wengi wanaotoka ibadani na mzigo ule ule waliokuja nao.

Makala haya hayataki kuamua kama Mungu yupo. Yanataka kumsaidia mtu ambaye moyo wake unamshitaki, na ambaye amekwisha kuomba, kufunga na kutoa sadaka bila kupata usingizi. Ushauri wangu ni huu: kabla hujaipeleka hatia yako kanisani, ulizia kwanza mdai wake ni nani. Hatia nyingi tunazomrundikia Mungu zina mdai wake mtaani, mtu mwenye jina na nyumba inayojulikana. Nyingine si zetu hata kidogo; tumebebeshwa tu. Asiyezitenganisha hizo mbili atatubu maisha yake yote bila kumaliza deni hata moja.

Imani peke yake haitoshi

Wako wanaosema kwamba mtu asiyemcha Mungu hana kinachomzuia kuiba au kuua. Historia ya mkoa wetu haiwaungi mkono. Kati ya 1992 na 1993, Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya shaba, Likasi na Kolwezi zikiwemo. Walikuwa watoto na wajukuu wa watu walioletwa na reli na migodi tangu enzi ya kampuni ya Union Minière. Familia kwa maelfu zililala vituoni zikingoja treni, na wako waliofia hapo hapo au njiani. Wengi wa waliofukuza na wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa, na nyimbo za ibada walizijua wote. Ubatizo haukumzuia jirani kuchukua nyumba ya jirani.

Sasa tazama upande wa pili. Shimo likiporomoka, wanaokuwa wa kwanza kuingia ni wachimbaji wenyewe, kwa sululu na mikono mitupu, na hakuna anayeuliza aliyefukiwa anasali wapi. Mmoja wa waokoaji anaweza kuwa mlevi wa kutupwa ambaye kanisani aliingia mara ya mwisho siku ya kubatizwa kwake. Wema wa namna hiyo hujengwa na kuishi pamoja: kula chungu kimoja, kushikiana kamba, kugawana baada ya mauzo.

Je, imani haina kazi? Inayo, na ni kubwa. Humpa mtu shahidi pale ambapo mtu mwingine haoni, na kazi ya mgodini imejaa sehemu zisizoonwa. Humwambia aliyeanguka kwamba anguko lake si mwisho wake. Humfundisha tajiri wa depo kwamba mchimbaji ana thamani isiyopimwa kwa metorex. Lakini imani hufanya kazi hiyo kwa yule tu aliyekubali ihukumu pia biashara yake. Kwa hiyo usijipime kwa wingi wa mikesha. Jipime kwa swali moja: je, aliyefanya kazi nami wiki hii amepata haki yake?

Na kama wewe umeacha kusali, au hukuwahi kuamini, usijishangae moyo ukikushitaki. Aliyepunjwa fungu lake ni yule yule, mdai wako yupo, na njia ya kumlipa ni hiyo hiyo. Wala usikubali kuambiwa na ndugu zako kwamba huwezi kuwa mtu mwema. Waonyeshe kwa mgao ulio sawa.

Kwanza hakikisha kwamba ni hatia

Yako mambo matatu yanayofanana usiku wa manane: hatia, aibu na woga. Hatia husema, "Nimefanya kosa." Aibu husema, "Mimi ni mtu mbaya." Woga husema, "Kitu kitanipata." Mwanasaikolojia June Tangney wa Marekani ameyachunguza mawili ya kwanza kwa miaka mingi. Ameona kwamba anayehisi hatia huelekea kutengeneza alichoharibu, na anayezama katika aibu huelekea kujificha, kukasirika na kuwatupia wengine lawama. Hivyo hatia ya kweli ina faida: inakuonyesha pa kwenda. Aibu na woga huzungusha tu.

Ili kuzitenganisha, jiulize maswali matatu, na ujibu kwa sentensi fupi. Nilifanya nini? Nilimfanyia nani? Ningeweza kufanya nini kingine siku ile, kwa nilichokijua siku ile? Ukikosa jibu la swali la kwanza, hiyo si hatia. Ni huzuni au woga uliovaa nguo ya hatia.

Swali la tatu ndilo muhimu zaidi kwa walionusurika. Tarehe 27 Juni 2019, kingo za mgodi wa KOV, katika eneo la kampuni ya Kamoto Copper, ziliporomoka na kuua wachimbaji wadogo zaidi ya 40. Baada ya msiba wa namna hiyo, mtu aliyetoka dakika chache kabla huishi na swali la kwa nini yeye. Aliyemwita mdogo wake waje pamoja hujiona kama muuaji. Kwa huyu wa pili nasema: ulimwita kwenye kazi, hukumwita kwenye kifo. Una huzuni kubwa, na una wajibu kwa mjane na watoto, hilo lichukue. Hukumu ya kuua usijibebeshe.

Karibu kila mara msiba huzaa swali jingine: nani amekosea mpaka mlima ukakasirika? Machimboni ziko imani nyingi. Wako wanaosema mwanamke akikaribia shimo jiwe hukimbia. Wako wanaotafuta dawa kabla ya kushuka. Na mahali pengine hawaanzi kuchimba bila chifu wa mila kuomba kwa wahenga. Siwatukani wanaoheshimu wahenga, maana kumwomba ruhusa mwenye ardhi ni adabu. Lakini shimo huporomoka kwa sababu zinazoonekana. Njia za chini zimechimbwa bila nguzo. Mvua imelowesha udongo. Watu wamepita mita 30 ambazo kanuni za uchimbaji mdogo hazitaki zipitwe. Lawama ikipelekwa kwa dhambi iliyofichika, nguzo haziwekwi, na shimo la pili huua kama la kwanza.

Baya zaidi, anayetafuta mwenye dhambi iliyofichika humpata mnyonge. Humpata bibi kizee, au mjane, au mtoto wa kambo anayekojoa kitandani. Ukisikia mhubiri akisema kwamba mtoto wa nyumbani mwako ni mchawi na ndiye aliyefunga riziki yenu, mtoe mtoto hapo siku hiyo hiyo. Usilipe chochote cha maombi ya kumfungua, wala usikubali afungishwe chakula. Katiba ya Congo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu kwa kosa hilo. Kwa watu wazima wa nyumba ile naongeza hili: wakati mwingine mtoto husingiziwa ili baba asije akaulizwa zilikokwenda fedha za mauzo.

Pima sehemu yako

Hatia nyingine ni ya kweli lakini si ya mtu mmoja. Mama anayeosha mawe mtoni, na binti yake wa miaka kumi akimsaidia badala ya kuwa darasani, anajua kwamba si vyema. Anasali, anarudi mtoni kesho. Huyu abebe kiasi gani?

Congo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, takriban asilimia 70. Betri za simu na za magari ya umeme huko Ulaya, China na Marekani zinaitegemea. Kwa hiyo kwenye kikapu cha binti yule kuna mikono ya wengi: mnunuzi asiyeuliza jiwe limetoka wapi, kampuni, serikali, na mwenye simu aliye mbali. Mama asijione kwamba yeye ndiye mwenye dhambi yote ya mkoa wetu wa Lualaba. Lakini pia asijifiche nyuma ya wakubwa. Sehemu yake ni ndogo, ila ni yake. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Masista wa Bon Pasteur wamekuwa Kolwezi tangu 2012 wakiwafundisha watoto waliotoka machimboni na kuwasaidia akina mama kupata kazi nyingine. Sehemu ya mama ni kwenda kuuliza, hata kama kwa kuanzia binti atapata asubuhi tatu za shule kwa wiki. Akishafanya analoliweza, alale.

Liko pia suala la kuingia usiku katika eneo la kampuni. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamruhusu mchimbaji wa mikono kufanya kazi katika maeneo yaliyotengwa tu, na maeneo mazuri ni haba. Mmoja anasema ardhi ni ya babu zetu, kampuni ndiyo iliyoiba. Mwingine anasema sheria ni sheria. Sitajifanya kwamba mgogoro huu wa ardhi umekwisha, wala simshauri mtu yeyote aupige muhuri wa Mungu, awe wa kampuni au wa mtaani. Ninachokijua ni kwamba yako makosa yanayobaki makosa, mlima uwe wa nani. Kumshusha shimoni mtoto asiyefika miaka 18 ni kosa. Kujua kwamba njia imeanza kupasuka na kunyamaza ili magunia yatimie ni kosa. Kuwadanganya wenzako kwenye mgao ni kosa. Ukitafuta dhambi ya kutubu, anza na hizo.

Mwendee mdai

Tuseme sasa umejiuliza, umepima, na umeona: ndiyo, ni hatia, na ni yangu. Hapa ndipo waumini wengi hukosea njia. Humwendea Mungu kuhusu fedha za mtu.

Dini zenyewe hazikuwafundisha hivyo. Msomaji wa Injili anamkumbuka Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, aliyeahidi kurudisha mara nne. Na anajua kwamba mlimani Yesu aliagiza sadaka iachwe kwanza madhabahuni mpaka mtu apatane na nduguye. Katika mafundisho ya Kiislamu, toba ya haki za waja haikamiliki mpaka haki irudishwe au mwenyewe asamehe. Nao wazee wa koo zetu, kosa kati ya nyumba mbili hawakulifunga kwa maneno matupu. Palikuwa na malipo, kisha watu wakala pamoja.

Kolwezi ina mfano wake wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, padri Mfransisko Placide Tempels, yule aliyeandika kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alianza kukaa na wachimbaji na wake zao na kuwauliza wanatafuta nini katika maisha. Walimjibu uzima, uzazi na mapendo. Kundi lililotokana na hayo ni Jamaa. Kuingia humo kulikuwa kwa mume na mke pamoja, na wakaitwa baba na mama. Lina mafundisho mengi, na Kanisa lilikuja kugombana na baadhi ya matawi yake, lakini msingi mmoja unafaa kukumbukwa: dini ya mume ilipimwa mbele ya mkewe. Mtu hakuweza kuwa mtakatifu kanisani na dhalimu nyumbani, kwa sababu shahidi aliketi kando yake.

Basi fanya hivi. Taja kosa kwa maneno ya kawaida, bila "shetani alinipitia". Hesabu deni, kama hujui kiasi kamili, kadiria na uongeze kidogo, usipunguze. Kama huwezi kulipa kwa mkupuo, panga mafungu. Kisha nenda, ikiwezekana mchana, ukiwa hujanywa, na usiende kwenye kilio au harusi ya watu. Sema kwa ufupi: "Kaka, siku ile kwenye mgao nilisema tumeuza magunia 14. Yalikuwa 17. Fungu lako hili hapa. Nimekosa, naomba unisamehe." Nyamaza hapo. Usieleze shida zilizokusukuma mpaka akuulize. Usimwambie kwamba Mungu amekwisha kukusamehe, kwa maana utakuwa umemfungia mlango wa kukasirika. Na kama huyo uliyemkosea ni mkubwa kwako, tumia mtu wa katikati anayeheshimiwa na pande zote, kama ilivyo adabu yetu.

Mdai akiwa amekufa, lipa mjane au watoto. Akiwa amehama na hajulikani aliko, fedha hizo wape watu wa hali kama yake, bila kutangaza ushuhuda kanisani. Zikitangazwa, zimekununulia sifa. Kama kujitaja kutaleta hatari ya kupigwa au kuuawa, peleka kwa mkono wa mtu anayejua kutunza siri, padri, mzee au imamu, au zitumwe kwa simu na huyo mtu wa katikati. Kama kosa lenyewe ni la kitanda na kuliungama kutavunja nyumba ya wasio na hatia, usikimbilie kusema ili wewe upate nafuu. Tafuta kwanza ushauri, na uache tabia hiyo leo.

Anaweza kukataa kusamehe. Ana haki hiyo. Umelipa deni, msamaha ni mali yake, na hutolewa kwa wakati wake. Usirudi kila wiki kumdai.

Kwa anayechunga kundi

Mchungaji, padri, imamu: waumini wakileta hatia, usiwe na haraka ya kuifuta. Uliza, "Huyo mtu umemlipa?" Fungu la kumi la magunia ya mgao wa wizi halitakasiki kwa kuingia kapuni. Ukijua lilikotoka, lirudishe na ueleze lipelekwe kwa nani. Utapoteza sadaka na kupata heshima. Muumini naye awe macho: mahali ambapo kila unapolipa zaidi unaambiwa una dhambi zaidi, hatia imekuwa biashara. Ondoka.

Hatia isiyokoma

Wako waliofanya yote haya na bado moyo unarudia wimbo ule ule. Wanaungama kosa moja mara ishirini, wananawa mikono, wanaogopa hata wazo lililopita kichwani. Wengine hawali, hawalali, wanasema heri wangekufa. Huo ni ugonjwa, na ugonjwa hautibiwi kwa kumfunga mtu kamba kwenye chumba cha maombi. Mpeleke hospitali, usimwache aende peke yake, ondoa nyumbani vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Maombi yaendelee kando ya dawa. Kwa mwenye hali hii, agizo la kulipa lisirudiwe, alikwisha kulipa.

Wewe uliye mzima, usiondoke na ushauri ulio mrefu mno kukumbukwa. Chukua karatasi, andika jina la mtu mmoja, kosa moja, kiasi kimoja na siku moja ya wiki hii. Mwonyeshe mtu unayemwamini ili asikuache ukaahirisha. Siku hiyo nenda ukalipe. Ukitaka kuungama kwa padri, au kusali rakaa zako za toba, au kupiga magoti kitandani, fanya kabla na baada. Ila safari ya kwa mdai usiiruke, maana hiyo haina wa kukufanyia.